MM

Niliinunua Luthuli, ghorofa ya pili, kwa Musembi:
elfu kumi na moja na mia tano, bila risiti,
na chaja ya kampuni nyingine.
Kibandiko chini yake kilisema Hannover, chumba 214.
Z na Y zimebadilishana viti.
"Utazoea," Musembi akasema, akipangusa kioo kwa mkono wa shati,
"hata mavyaa huzoeleka."

Shuleni tuliiita kipakatalishi,
neno refu kuliko uhai wa betri hii:
dakika kumi na tisa. Nimezihesabu.

Windows yake ilidai ufunguo ambao hakuna aliyeuacha.
Binamu yangu Mutheu akaja na Linux ndani ya flashi
iliyofungwa uzi pamoja na funguo za nyumba,
akaisakinisha tukinywa chai ya rangi,
akaenda zamu ya usiku,
akaniachia mashine safi kama sufuria ya wageni
na bubu vilevile.

Bubu; sitii chumvi.
Wala haikuuona mtandao wa jirani yangu Abuto,
ambao naulipia mia tatu kwa mwezi.
Simu yangu yenye ufa iliuona.
Kadi, nikaelewa, inataka dereva.
Na dereva yuko wapi? Mtandaoni.
Nisipokuwa na dereva sifiki mtandaoni,
nisipofika mtandaoni sipati dereva:
mwenye nyumba nje, funguo ndani,
anajipigia hodi mwenyewe.

Usiku wa pili nikachomeka simu kwa waya,
nikaipitishia data ya shilingi hamsini.
Herufi nyeupe zikaporomoka juu ya weusi
kama mahindi yanayopukuchuliwa.
Asilimia tisini na moja, stima ikapotea.
Umoja nzima ikaguna.
Nikakaa gizani na dakika zangu kumi na tisa,
nikiitazama ile namba jinsi mtu atazamavyo maziwa jikoni.
Iliisha dakika ya kumi na saba.
Jina la Abuto likatokea, mistari miwili ya mawimbi.

Lakini sauti.
Kazi yangu ni sauti: nanakili rekodi za kesi za ardhi,
watu wakikohoa, trekta likipita,
karani akirudia "sogea karibu, sogea".
Ukurasa shilingi thelathini.
Faili ishirini na mbili, mwisho Ijumaa.
Kila amri nikaitanguliza sudo,
kama mtu anayeingia ofisini na jina la shemeji mkubwa.
Nikazima. Nikawasha.
Nikaitukana kwa lugha ambayo Hannover hawaijui.

Usiku wa nne nikakifungua tena kile chumba cha vipimo,
vimesimama kama chupa rafuni.
Chini ya kimoja, herufi mbili: MM.
Nilikuwa nimezisoma mara sita
nikidhani ni milimita za kitu fulani.
Kumbe ni ile mm-mm ya mtoto
aliyeletewa kijiko cha dawa.
Nikabonyeza M. Mara moja tu.
MM ikawa OO,
na mama nisiyemjua, aliyerekodiwa Machi,
akaendelea kutoka katikati ya sentensi:
"—na mpaka ulikuwa pale penye mkonge,
hata yeye kabla hajaoa."

Nikamwitikia. "Ehe?" nikasema,
saa nane usiku, peke yangu.

Kifuniko bado.
Nikikifunga inalala usingizi wa pono,
haiamki hadi niikabe kitufe.
Mutheu anasema ngoja kerneli mpya.
Nami nimetia kibanio cha nguo katikati, cha kijani,
inalala mdomo wazi.

Jina langu ni Yunia.
Ankara ya kwanza ilikwenda kwa jina la Zunia.
Wamelipa.